Tusimnyang'anye Mwanariadha Ugali Wake

Kumezuka mtindo mpya mitaani mwetu, mtindo wa kuuogopa ugali. Hapa Kinoo, kando ya barabara kuu inayotoka Nairobi kwenda Nakuru, mtu akiamka alfajiri atawaona watu wa kila rika wakikimbia kabla jua halijachomoza: makarani ambao baada ya saa moja watakuwa ndani ya matatu wakielekea mjini, wanafunzi wa vyuo, akina mama waliojifunga vitambaa vichwani, na vijana wa shule wenye ndoto ya kuvaa jezi ya taifa. Jambo hilo ni la kupongezwa. Linalonitia wasiwasi si mbio hizo, bali ni ushauri unaoandamana nazo. Wakimbiaji wanaambizana kwamba anayetaka kwenda mbali bila kuchoka sharti aache ugali, githeri, viazi, wali, mkate na hata ndizi, na badala yake ale nyama, mayai, maparachichi na mafuta. Eti mwili ukinyimwa wanga utajifunza kuchoma mafuta yake wenyewe, na mkimbiaji atakuwa mwepesi mithili ya swara. Lishe hiyo wameipa jina la keto, na jina geni, kama ijulikanavyo, huongeza imani.

Lau ushauri huo ungebaki miongoni mwa watu wazima wenye vitambi na vipato, nisingejisumbua kushika kalamu. Mtu mzima ana hiari ya sahani yake. Lakini umekwisha kuvuka ua wa shule. Nimewasikia wanafunzi wakiusimulia kana kwamba ni kanuni ya sayansi, na nimewasikia watu wazima waliopewa dhamana ya kuwafunza vijana riadha wakiwaambia wasichana wa miaka kumi na mitano kwamba ugali ndio unaowafanya wazito. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, tena kabisa. Msimamo wangu ni huu: chakula hufuata kazi. Anayekimbia masafa marefu kwa kasi, hasa kijana ambaye bado anakua, anahitaji wanga kwa wingi. Kumnyima wanga huo ni kumpunguzia mbio na kuuhatarisha mwili wake.

Yafaa tuanze na jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa kuwa ubishi mwingi hutokana na kutolijua jambo hili. Wanga tulao, uwe wa mahindi, wa viazi au wa mchele, humeng'enywa ukawa sukari, na sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba katika misuli na katika ini kwa umbo liitwalo glaikojeni. Akiba hiyo ni ndogo. Kwa mtu mzima aliyekula vyema ni kiasi cha gramu 400 hadi 500, yaani kama kalori 2,000 hivi, ambazo humwezesha kukimbia yapata kilomita 30. Mafuta nayo ni akiba kubwa mno. Hata mkimbiaji aliyekonda ana kilo kadhaa za mafuta mwilini mwake, zenye makumi ya maelfu ya kalori. Twaweza kusema kwamba glaikojeni ni pesa za mfukoni, na mafuta ni pesa za benki.

Wanaohimiza kuacha wanga huuliza: kwa nini mtu ategemee vijisenti vya mfukoni ilhali ana mamilioni benki? Swali hilo linavutia, lakini linaisahau foleni ya benki. Pesa za mfukoni hutoka papo hapo, za benki hutoka polepole. Misuli inayofanya kazi ya haraka inahitaji nishati sasa hivi, na wanga huitoa kwa kasi ambayo mafuta hayawezi kuifikia. Isitoshe, mafuta yanahitaji oksijeni nyingi zaidi kuliko wanga ili kutoa nishati ileile. Tofauti ni kama asilimia 7. Kwa mtu anayetembea, asilimia 7 si kitu, kwa sababu hewa anayoivuta inamtosha na kusaza. Kwa mtu anayepanda kilima huku mapafu yake yamefika kikomo, asilimia hiyo ndiyo inayomtenganisha anayeshinda na anayesindikiza.

Wataalamu wa Sweden walilipima jambo hili mwaka 1967. Bergström, Hermansen, Hultman na Saltin waliwapandisha watu kwenye baiskeli ya maabara, wakawataka waendeshe kwa nguvu kadiri moja mpaka washindwe. Baada ya chakula cha kawaida walidumu kwa wastani wa dakika 114. Baada ya siku chache za kula mafuta na protini pasipo wanga, walidumu dakika 57 tu. Baada ya chakula chenye wanga tele, walidumu dakika 167. Watu walikuwa walewale na baiskeli ileile; kilichobadilika kilikuwa sahani. Matokeo hayo ndiyo yaliyoeneza ulimwenguni desturi ya wakimbiaji wa marathoni kula wanga kwa wingi siku chache kabla ya mashindano.

Haki yataka tuwasikilize pia wa upande wa pili, maana wao si wajinga, na hoja yao haikuanza jana. Mwaka 1863 William Banting, Mwingereza aliyekuwa akisimamia mazishi jijini London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopunguza unene kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Mwaka 1921 madaktari wa Marekani walianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa kwa lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, na lishe hiyo ingali inawafaa baadhi ya watoto ambao dawa hazikuwasaidia. Mwaka 1983 Stephen Phinney na wenzake waliwalisha waendesha baiskeli watano chakula chenye wanga kidogo sana kwa wiki nne, wakaona kwamba hawakudhoofika katika mwendo wa wastani. Jibu lao kwa Waswidi likawa kwamba siku chache hazitoshi. Mwili ukipewa muda, huzoea. Naye Profesa Tim Noakes wa Cape Town, ambaye kitabu chake cha mwaka 1985, Lore of Running, kiliwafunza wakimbiaji wengi umuhimu wa wanga, aligeuka mnamo mwaka 2010 na kuanza kuhubiri kinyume chake, yeye mwenyewe akiwa na ugonjwa wa kisukari.

Fauka ya hayo, mwaka 2016 Jeff Volek wa Marekani na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji 20 wa masafa yanayozidi marathoni. Nusu yao walikuwa wamezoea lishe ya wanga kidogo kwa muda mrefu, na hao walichoma mafuta kwa kiwango kilichozidi maradufu kile cha wenzao. Kwa hiyo mwili huzoea. Hilo halina ubishi tena. Mtu anayekwenda mwendo wa pole kwa saa nyingi sana anaweza kuishi kwa pesa za benki, na wapo waliofanya hivyo wakafika. Swali linalobaki ni moja: mwili ukishazoea, je, unakwenda kasi zaidi?

Jibu lilitoka Australia mwaka 2017. Louise Burke na wenzake waliwakusanya wanariadha wa kimataifa wa matembezi ya kasi, wakawapa mazoezi makali kwa wiki tatu hivi, kila kundi na lishe yake. Waliokula wanga tele waliboresha muda wao wa kilomita 10 kwa asilimia 6.6. Waliopewa wanga kwa zamu, siku nyingine nyingi na siku nyingine kidogo, waliboresha kwa asilimia 5.3. Waliokula wanga kidogo sana walichoma mafuta kwa viwango vya ajabu, lakini baada ya jasho lote hilo muda wao haukuboreka. Kwa wastani walirudi nyuma kwa asilimia 1.6. Walikuwa wakitumia oksijeni zaidi kwa mwendo uleule. Benki ilifunguliwa kweli, ila foleni haikwisha.

Lakini twende mbali kwa nini, ilhali ushahidi mwingine uko hapa nyumbani? Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya utafiti wa Vincent Onywera na wenzake, miongoni mwao Mike Boit, yuleyule aliyetuletea nishani ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Walipima kila kilicholiwa na wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu kwa siku 7. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitokana na wanga, asilimia 13.4 mafuta, na asilimia 10.1 protini. Kwa kila kilo ya uzito wake, mkimbiaji alikula zaidi ya gramu 10 za wanga kwa siku. Vyakula vyenyewe havikuwa siri ya mganga: ugali, wali, viazi, mkate, uji, kabichi, maharagwe, na chai ya maziwa iliyotiwa sukari. Nyama waliila mara nne kwa wiki, tena kwa kiasi kidogo.

Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 2002, Dirk Christensen na wenzake walikuwa wamechapisha uchunguzi juu ya vijana wa Kikalenjin waliokuwa katika mazoezi ya mbio. Asilimia 71 ya nishati yao ilikuwa wanga, na sehemu kubwa kabisa ya chakula chao ilikuwa mahindi na maharagwe. Mahindi na maharagwe! Mkazi wa Kinoo asiyetambua kwamba hiyo ni githeri basi ni mgeni aliyehamia jana. Chakula ambacho vijana wetu wanafundishwa kukikimbia ndicho kilichowakimbiza wenzao. Na Eliud Kipchoge alipoimaliza marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa akipokea njiani vinywaji vyenye wanga. Hata yeye aliyeanza safari mfuko umejaa aliongezewa pesa barabarani.

Msomaji mwangalifu atasema kwamba ugali pekee hauleti ushindi, na atakuwa amesema kweli. Mamilioni ya Wakenya hula ugali kila siku na hawawezi kulikimbilia basi lililoanza kuondoka. Tafiti za aina hiyo hueleza wanachokula washindi. Hazithibitishi kwamba chakula hicho ndicho kilichowapa ushindi. Wanafunzi wangu wasomaji waizingatie tofauti hiyo, kwani ni msingi wa fikra za kisayansi. Hata hivyo, ushahidi huo unatosha kuyavunja madai kwamba ugali humzuia mtu kukimbia. Kama ungekuwa pingu, pingu hizo zingeonekana kwanza miguuni mwa hao wanaoula kuliko watu wote.

Sisemi haya ili kuufanya ugali kuwa kitu kitakatifu. Liko somo jingine la zamani linalotugusa sisi tunaoishi katika upande huu wa Kiambu moja kwa moja, nalo linauonya upande wangu mimi pia. Mwaka 1931 John Boyd Orr, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1949, na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba katika koloni la Kenya, walichapisha ripoti iliyolinganisha afya ya Wakikuyu na ya Wamaasai. Mkikuyu wa wakati huo aliishi hasa kwa nafaka, viazi na kunde. Mmaasai aliishi kwa maziwa, nyama na damu. Waliona kwamba mwanamume wa Kimaasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, na nguvu za misuli zilimzidi kwa kiasi cha nusu. Kasoro za mifupa, meno mabovu na upungufu wa damu vilionekana zaidi kwa Wakikuyu.

Ni kweli kwamba ripoti hiyo ilitoka katika mikono ya wakoloni, wakati ambapo ardhi kubwa ya Kiambu ilikuwa imekwisha kumegewa walowezi, na watu walionyang'anywa malisho hawawezi kulaumiwa kwa kukosa maziwa. Pamoja na hayo funzo lake halijachakaa: wanga ni lazima, ila wanga mtupu hautoshi. Mtu akila ugali na mchuzi wa chumvi mwaka mzima, mifupa itadai kalsiamu, damu itadai madini ya chuma, na misuli itadai protini. Madai hayo hayalipwi kwa kuongeza ugali juu ya ugali.

Wapenzi wa keto huwatumia Wamaasai haohao kama shahidi wao mkuu. Husema: tazameni watu waliotembea mbali bila nafaka, na mioyo yao ilikuwa imara. Ni kweli kwamba George Mann, mtafiti wa Kimarekani, aliwapima Wamaasai wa Tanzania katika miaka ya 1960 na kuwakuta wakiwa na siha njema na lehemu kidogo katika damu. Ushahidi huo tuupokee, lakini tuusome mpaka mwisho. Maziwa si nyama. Lita moja ya maziwa ina gramu 45 hadi 50 za sukari ya asili, na aliyekunywa lita kadhaa kwa siku hakuwa ameuacha wanga, bali aliunywa. Tena kuwafuata ng'ombe nyikani kutwa nzima na kukimbia kila kilomita kwa dakika tatu ni kazi mbili mbalimbali. Mwendo wa mchungaji huwashwa na mafuta. Kasi ya mshindani huwashwa na wanga.

Sasa nije kwa lile linaloniumiza zaidi. Lishe ya wanga kidogo, ikifuatwa kama inavyoagizwa na waliyoibuni, si lishe ya njaa. Mahali pa ugali panawekwa nyama, samaki, mayai, siagi na karanga mpaka mtu ashibe. Je, ni nyumba ngapi za kupanga hapa Kinoo, Kangemi au Uthiru zinazoweza kumwekea kijana vitu hivyo mezani kila siku? Ni shule gani ya kutwa, ni bweni gani, linaloweza kubadilisha sufuria ya githeri kwa sufuria ya nyama? Mwanafunzi anayeambiwa aache ugali hapewi kitu kingine badala yake. Anabaki na kijiko cha sukumawiki na kipande cha nyama ya Jumapili, kisha anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia. Ushauri uliozaliwa katika jamii za shibe ukitua kwenye sahani ya mnyonge hugeuka amri ya kufunga bila Ramadhani wala Kwaresima.

Mzigo huo huwaelemea wasichana kuliko wote. Mwaka 2014 jopo la wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki lilitoa onyo juu ya hali ambayo mwanariadha anatumia nishati nyingi kuliko anayokula. Mwili ukiona hauna cha kutosha huanza kufunga milango: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, kinga hupungua, na moyo wenyewe hukosa raha. Wavulana nao hawakusalimika, kwani hali hiyo huwapata pia. Mwaka 2020 Ida Heikura, Louise Burke na wenzao walichapisha matokeo mengine kutoka kwa wanariadha wa matembezi ya kasi: baada ya wiki tatu na nusu za lishe ya keto, viashiria vya kujengeka kwa mifupa vilishuka na vya kubomoka vikapanda. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wazima waliokuwa wakishiba chini ya uangalizi wa wataalamu, itakuwaje kwa msichana wa miaka kumi na mitano ambaye mifupa yake ndiyo kwanza inajengwa, na ambaye hana anayempima?

Kwa msichana kama huyo, hatari si kushindwa katika mashindano ya kaunti. Hatari ni mguu unaovunjika pasipo kuanguka, ni miezi ya kukaa nje ya uwanja, na ni kipaji kinachozimika kabla hakijajulikana. Nasi tunajua kwamba vipaji vipo, kwa kuwa mbio si urithi wa Iten na Kaptagat peke yake. Henry Wanyoike, mwana wa Kikuyu, mwendo mfupi kutoka hapa, alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Miaka mitano baadaye alishinda nishani ya dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Walemavu mjini Sydney, na mwaka 2004 akashinda nyingine mbili mjini Athens. Udongo uliomtoa huyo haujachoka kuzaa.

Je, ina maana kwamba hakuna anayepaswa kupunguza wanga? La, hasha. Wahenga walinena kwamba kila mlango kwa ufunguo wake. Karani anayekaa kitini saa tisa, akaketi kwenye msongamano wa Barabara ya Waiyaki saa mbili, kisha akakimbia nusu saa Jumamosi, hana haja ya mlima wa ugali wa mwanariadha. Akipunguza soda, mandazi, mkate mweupe na vijiko vinne vya sukari katika chai, atakuwa amefanya la busara. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku. Mgonjwa wa kisukari anaweza kufaidika kwa kupunguza wanga, ila afanye hivyo pamoja na daktari wake, hasa ikiwa anatumia dawa za kushusha sukari. Kosa la zama hizi ni kuchukua ufunguo wa mtu mmoja na kuulazimisha katika kufuli la mwingine. Ushauri unaomfaa karani mwenye kitambi umepewa binti mwenye kilo 45, na hakuna aliyeuliza anakimbia kiasi gani.

Basi walimu wafanye nini? Kwanza, pasiwepo na mwalimu wala mkufunzi anayemwambia mwanafunzi apunguze chakula ili awe mwepesi. Kama kuna shaka juu ya uzito, hiyo ni kazi ya daktari na mzazi, si ya mtu aliyeshika saa ya kupima mbio. Wala wanafunzi wasipimwe kwenye mizani mbele ya wenzao, kwani aibu ni mwalimu mbaya.

Pili, wafundishe hesabu ya chakula darasani, maana ni somo tamu na mifano yake iko jikoni. Kijana anayefanya mazoezi kwa kiasi cha saa moja kila siku anashauriwa kula gramu 5 hadi 7 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 50 basi anahitaji gramu 250 hadi 350. Gramu mia moja za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe, waone kwamba wanga wa kutwa nzima hauzidi ule wa nusu kilo ya unga, na kwamba sehemu yake yaweza kutoka katika uji, viazi vitamu, nduma, ndizi na maharagwe. Wakishapiga hesabu hiyo, hawatauogopa ugali tena, wala hawatauabudu.

Tatu, sahani ya mwanafunzi mkimbiaji ikamilishwe. Palipo na ugali pawe na maharagwe au ndengu, mboga za majani, tunda, na maziwa kila inapowezekana. Yai moja likipatikana ni baraka. Aliyekimbia alfajiri apewe uji mapema, asingoje mpaka saa saba mchana ndipo atie kitu kinywani. Nne, msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu, au mwanafunzi yeyote mwenye maumivu ya mfupa yasiyokwisha, apelekwe hospitalini badala ya kuambiwa avumilie.

Tano, na hili nawaelekezea wakuu wa shule na wazazi, tusidai nishani kutoka kwa watoto tunaowapa sahani moja na wasiokimbia. Mtaala mpya umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu. Sayansi hiyo isiishie ubaoni na uwanjani. Ifike jikoni, mahali ambapo mpishi wa shule huamua, bila kujua, nani atakuwa na nguvu za mzunguko wa mwisho.

Nanyi wanafunzi, msikubali jambo kwa kuwa limesemwa na mtu mwenye misuli au kwa kuwa lina jina la kigeni. Mtu akikwambia kwamba chakula fulani kitakupa mbio, muulize maswali matatu. Waliopimwa walikuwa nani? Walikuwa wakifanya kazi gani? Na je, walikwenda kasi zaidi, au walichoma mafuta zaidi tu? Mengi ya yanayosemwa barabarani hapa Kinoo hayatavuka swali la pili.

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Githeri na ugali wetu si haba. Una upungufu wake, nasi tumeujua tangu mwaka 1931, na dawa yake ni kuongeza maziwa, kunde na mboga juu yake. Si kuupokonya kutoka mikononi mwa mtoto mwenye njaa na kumwambia akimbie.